Jirani wa Magharibi

Mwaka ule mimi nilikuwa shamba la mikorosho.

Nilisimama katika kiwanja cha mpira cha shule yetu pale Newala, nimekumbatia kipande cha boksi kilichoandikwa sita kwa chaki. Kulia kwangu alisimama Godwin, naye akiwa shamba lenye kumi na moja, na kupita hapo wenzetu walijipanga safu kwa safu, kidato cha tatu chote pamoja na waliokopwa kutoka kidato cha pili, kila mmoja na boksi lake na namba yake. Baridi ya Julai ilikuwa imetuvalisha masweta, na ukungu wa bonde la Ruvuma ulikuwa haujaamua kama unabaki au unaondoka. Mwalimu Lois alipanda juu ya dawati lililotolewa nje, akapuliza filimbi, nasi sote tukaanza kuhesabu kwa midomo, kila mtu akichungulia maboksi ya majirani zake wanne. Mwuza maji mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye madumu alisimama barabarani, akatutazama, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake. Hakuwa wa kwanza kudhani kuwa shule ile imeingiwa na wazimu.

Mwalimu Lois alikuwa mwenyeji wa Mkomaindo, kule Masasi. Alirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya hisabati na tabia ya kuzungumza kwa mikono yote miwili. Chuoni alikuwa ameonja kompyuta, na aliyeonja asali huchonga mzinga. Ila Newala hapakuwa na kompyuta hata moja ambayo angeruhusiwa kuigusa, na umeme wenyewe ulikuja ulipojisikia. Siku ya kwanza aliandika ubaoni mlinganyo mmoja mrefu wenye alama tusizozijua, akautazama kwa mapenzi kama picha ya mchumba, kisha akaufuta wote.

"Huo ni wa chuoni," alisema. "Lakini unasema mambo mawili tu. Ugonjwa hukua pale ulipo. Na ugonjwa huhamia kwa jirani, tena huhama zaidi pale ambapo mmoja anao mwingi na mwenzake anao kidogo. Kukua na kusambaa, vyote kwa wakati mmoja, kila mahali, kila saa. Hakuna binadamu wa kuufumbua wote kwa mkupuo. Kwa hiyo tutaukata vipande. Tutakata ardhi vipande, na tutakata muda vipande."

"Kwa panga gani, mwalimu?" Godwin akauliza, na darasa likacheka.

"Kipande cha ardhi ni wewe," alisema Mwalimu Lois. "Kipande cha muda ni filimbi yangu."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa ubwiriunga. Kwa asiyeujua, huja na baridi na ukungu. Shada la maua ya mkorosho huamka asubuhi limepakwa kitu cheupe mfano wa unga wa muhogo, na baada ya muda mfupi limekauka, na korosho zake hazitazaliwa tena. Dawa yake ni salfa, vumbi la manjano linalopulizwa alfajiri umande ungali majanini. Zamani salfa ililetwa na chama cha ushirika. Kisha soko likawa huria, chama kikachechemea, malori ya wanunuzi binafsi yakajaa barabarani msimu wa mavuno na kutoweka msimu wa maua, na salfa ikawa ya mwenye uwezo. Kijiji chetu kilijichanga kikapata shehena moja ambayo isingetosha hata nusu ya mashamba. Kila mwaka tuliigawa sawa kwa sawa, kila kaya na fungu lake, ili pasiwe na nongwa. Nongwa haikuwapo, na korosho nazo hazikuwapo.

Baba yangu, Ambrosi, alikuwa amechoka. Alinoa shoka, akaliegemeza nyuma ya mlango, akatangaza mbele ya mama na mbele yangu kwamba mikorosho ikipakwa unga tena msimu huu ataiangusha yote na kuchoma mkaa. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na ndiyo maana niliogopa, kwa kuwa mwenye maneno machache huyatimiza. Mikorosho ile ndiyo iliyokuwa ikinisomesha. Nilijua kwamba siku shoka lile litakapoanza kazi, mimi nitavua sweta la shule na kurudi kubeba magunia ya mkaa.

Basi nilisimama kiwanjani na sita yangu nikiwa na hofu ya kweli. Namba ile hatukuiokota njiani. Tulikuwa tumetumwa mashambani kwetu, tukahesabu kati ya mashada mia ya maua ni mangapi yameshapakwa unga. Kwenye boksi, upande wa mbele ulikuwa leo na upande wa nyuma ulikuwa kesho. Filimbi ya kwanza ikilia, unajumlisha namba za majirani wanne, unatoa yako mara nne, unagawa kama mwalimu alivyoelekeza, unaongeza kwako, halafu unaongeza kile kilichoota shambani mwako mwenyewe, ambacho mwalimu alikuwa amekichora katika jedwali kubwa ubaoni. Jibu unaliandika nyuma, kimya. Hakuna kugeuza mpaka filimbi ya pili. Aliyechungulia kesho ya mwenzake alitolewa nje ya kiwanja, kwa kuwa, alisema mwalimu, hakuna shamba linaloambukizwa leo na ugonjwa wa kesho.

Lakini kabla ya siku hiyo ya sita yangu tulikuwa na siku ya majaribio, na sitaisahau maishani. Mwalimu alimpa Godwin themanini, akamweka katikati, sisi wengine wote tukapewa sufuri. Kila filimbi ilikuwa wiki moja, na mgawo wetu ulikuwa kugawa kwa mbili. Filimbi ya kwanza ikalia, tukahesabu. Ya pili ikalia, tukageuza. Godwin alilitazama boksi lake, akalipindua juu chini, akalitazama tena.

"Mwalimu," alisema, "shamba langu lina ugonjwa hasi sabini na mbili."

Tulicheka mpaka masweta yakatubana. Majirani zake wanne walikuwa na arobaini kila mmoja. Filimbi nyingine, na sasa majirani wakawa hasi, na Godwin akarudi juu kama mtu aliyefufuka. Filimbi nyingine tena, na namba zikawa hazienei kwenye boksi. Maelfu yalipaa upande huu, maelfu hasi yakaanguka upande ule, huyu anapiga kelele, yule anaomba chaki zaidi. Mwalimu Lois aliruka kutoka juu ya dawati. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Mmeona? Mmeiona?" alikuwa akituuliza, anakimbia kutoka safu hadi safu. "Imelipuka! Chuoni nilihadithiwa tu, leo nimeiona kwa macho! Nani ataniambia kwa nini imelipuka?"

Mimi sikuwa mtu wa hesabu. Hesabu na mimi tulikuwa paka na panya, na panya nilikuwa mimi. Lakini kila alfajiri, kabla ya shule, nilishuka mteremko wa ukingoni mwa nyanda yetu ya juu kwenda chemchemi na kupanda na ndoo kichwani, na miguu yangu ilijua jambo ambalo kichwa changu kilikuwa hakijaambiwa.

"Tumeruka, mwalimu," nilisema. "Wiki ni ndefu. Godwin amegawa ugonjwa mwingi kuliko aliokuwa nao. Ukishuka mteremko kwa hatua ndefu, mguu unapita mahali ulipotaka kukanyaga, unajirudi, unapita tena upande wa pili, mwisho wake ni wewe na ndoo yako bondeni."

Mwalimu Lois alinigeukia. "Jina lako nani wewe?" aliuliza, ingawa alinijua.

"Dorika."

"Dorika, tufanye hatua iwe ipi?"

"Siku moja. Tugawe kwa kumi na nne."

Tukagawa kwa kumi na nne. Themanini ya Godwin ikashuka taratibu, majirani wakapanda taratibu, na ugonjwa ukatambaa kiwanjani kwetu kama unavyotambaa mashambani, bila kuruka, bila hasi. Kila filimbi ilipolia na maboksi kugeuka pamoja, niliusikia mwili wangu ukisisimka. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Mama akaniuliza kama nimechaguliwa kuwa kiranja.

*

Wazee wa kijiji walialikwa kutazama, wakaja kwa udadisi zaidi kuliko imani. Aliyepewa salfa alichuchumaa. Namba yake ilikatwa nusu na ugonjwa wake ukakoma kuota. Kwanza tukaigawa salfa sawa kwa sawa, kidogo huku na kidogo kule, na wazee wakaona kwa macho yao namba zikipanda kiwanja kizima. Kisha Mwalimu Lois akawachuchumaza wote wa safu za mashariki, upande unaopakana na kijiji jirani ambacho mikorosho yake ilikuwa imeshaliwa na ubwiriunga, akatuacha sisi wengine tumesimama bila kitu. Filimbi zikalia. Namba zilifika kwenye safu za waliochuchumaa zikaishiwa nguvu. Sita yangu ilibaki palepale, mara ikawa saba, mara ikawa tano.

"Ni ukuta," alisema mzee mmoja.

"Ukuta mzuri kwa walio ukutani," akajibu mwingine. "Sisi wa magharibi tutakula nini?"

Ndipo baba akasimama. Shamba letu lilikuwa la mwisho kabisa magharibi, na baada yetu ilikuwa pori. Alivua kofia. "Binti yangu yule pale na boksi lake," alisema. "Nimemwangalia tangu mwanzo. Namba yake haikupanda. Wapeni wa mashariki fungu langu, mimi mniachie mfuko mmoja wa tahadhari." Akakaa. Na kwa kuwa Ambrosi amekubali, mtu ambaye hata salamu huipima kabla ya kuitoa, wengine nao wakakubali. Niliona fahari kubwa, na papo hapo niliona mzigo, maana sasa ilikuwa mimi na shoka uso kwa uso.

Agosti ikaingia, mikorosho ikachanua kikamilifu. Ukuta wa mashariki ulisimama imara. Watu walitoka huko na habari njema, wakimsifu Mwalimu Lois mpaka sokoni. Ijumaa moja nilipotoka shule baba alinisubiri njiani. Nilimfuata mpaka kona ya mwisho ya shamba letu, ile inayopakana na pori, akashika tawi na kuliinamisha mbele ya macho yangu.

Maua yalikuwa meupe.

"Kati ya mia ni mangapi?" aliniuliza.

Nilihesabu shada kwa shada. "Arobaini, baba."

"Na boksi lako lilisema?"

"Sita."

Aliliachia tawi. Kilichoniuma ni kwamba hakupandisha sauti. "Ukuta wenu ni mzuri, mwanangu. Lakini mwizi amepita mlango wa nyuma. Jumatatu naanza kukata, naanzia kona hii." Akaenda zake, akaniacha na mikorosho.

Sikulia. Nilikasirika. Nilikasirikia namba, kwa sababu nilikuwa nimezipenda, na unayempenda akikudanganya humwachi aende hivihivi. Nilikimbia mpaka kiwanjani. Hapakuwa na mtu, na mbuzi wawili walikuwa wakilamba chaki kwenye maboksi tuliyoyalundika golini. Nikawafukuza, nikachukua boksi langu, nikasimama mahali pangu pa siku zote. Mashariki yangu alikuwa Godwin. Kaskazini na kusini nilikuwa na wenzangu. Magharibi sikuwa na mtu. Mwalimu alitufundisha kwamba aliye pembeni ajifanyie jirani wa namba sawa na yake, kwa kuwa kati ya walio sawa hakihami kitu; hakitoki wala hakiingii. Nilikuwa nimefanya hivyo kila filimbi, kama kuku anayejitazama kwenye kioo.

Lakini kama hakiingii kitu, arobaini imetoka wapi? Kwa Godwin haikutoka. Shamba la kina Godwin lilikuwa bado na kumi na moja yake. Nikachuchumaa, nikaanza kuhesabu chini kwenye vumbi. Nikajiwekea jirani wa kubuni upande wa magharibi, nikampa ishirini. Siku zikapita vumbini, na mimi nikakwama chini. Nikampa hamsini. Bado. Nikampa tisini, na hapo namba zangu zikaanza kupanda jinsi nilivyoyaona maua yakiwa meupe, arobaini ikakaribia, ikafika. Sikuwa nimemwona mtu yeyote, lakini sasa nilijua kwa hakika kwamba tangu mwanzo, nyuma ya mgongo wangu, kulikuwa na mtu amesimama ameshika boksi lenye tisini.

Mwalimu Lois aliishi nyumba ya shule, hatua chache kutoka golini. Nilimkuta akipepeta mchele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unakimbia nini, Dorika?"

"Mwalimu, nyuma yangu kuna mtu."

Nilimweleza. Alisikiliza nusu, akaweka ungo chini, akaja nami kiwanjani na kupiga magoti kwenye vumbi langu, akifuata hesabu kwa kidole. Alipofika mwisho akajipiga paji la uso, na uso wenyewe ukawaka kama siku ile ya mlipuko.

"Mpaka!" alisema. "Hesabu za katikati ni sahihi, nimekosea mpaka! Nimefunga mlango ulio wazi!" Kisha akaniangalia. "Lakini niliwauliza wazee huko magharibi kuna shamba la nani, wakasema hakuna. Pori tupu."

"Ni pori," nilisema. "Ila ndani ya pori kuna mahame."

Mtu wa Masasi hahitaji kuelezwa mahame ni nini. Kabla ya watu kuhamishiwa barabarani katika vijiji vipya, kila ukoo ulikuwa na makao yake huko ndani, na mikorosho yake, na makaburi yake. Lori lilikuja, watu wakapanda, mikorosho ikabaki. Mahame yale yalikuwa ya bibi yangu, mzaa baba. Bibi alifia kijijini, akiwa mbali na miti yake, akaomba arudishwe, nao wakamrudisha, wakamzika katikati ya mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake. Tangu siku hiyo baba hakukanyaga tena. Hakuna aliyevuna kule, hakuna aliyepogoa, hakuna aliyepuliza salfa. Ukimwuliza mzee wa kwetu mashamba yako wapi, atakuonyesha yote kwa uaminifu, na mahame hatayaonyesha, kwa sababu ile ni miti ya marehemu na haihesabiwi pamoja na ya walio hai.

"Ila ubwiriunga unahesabu," alisema Mwalimu Lois polepole.

*

Jioni ile, kabla ya chakula, Mzee Swalehe alikuwa kwetu. Alikuwa mtani wa ukoo wetu, na mtani kwetu ana ruhusa ambayo hata padri hana. Huchukua kuku wako na kukutukana kwa nini amekonda. Nilisimama mbele ya baba, nikamsalimu, nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba kuna jirani wa magharibi, kwamba ana tisini, kwamba ni kwa bibi.

Mama aliinamisha macho kwenye chungu. Ni Swalehe aliyeangua kicheko.

"Kumbe bibi kizee ndiye anayekurushia unga, Ambrosi! Umemwacha peke yake miaka yote hii na korosho zake, hata salamu hupeleki. Sasa ameamua kukufuata mwenyewe. Mimi ningekuwa yeye ningekuja na fimbo."

Asingekuwa mtani, asingemaliza kusema hayo akiwa ameketi. Baba aligeuka, akatazama upande wa pori.

"Mfuko wa salfa ninao mmoja tu," alisema hatimaye, si kwa Swalehe, kwangu. "Nikiupuliza shambani, kwa mama hakuna. Nikiupuliza kwa mama, wewe umebaki mikono mitupu. Kesho niitie hao wenzako. Nataka nimwone huyo tisini."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na habari ilikuwa imetangulia. Kiwanja kilijaa wanafunzi, na kandokando walijaa wazee, wanawake na ndoo zao, hata yule mwuza maji na baiskeli yake. Mwalimu Lois alipanga safu, kisha akasimama na boksi moja mkononi, hajui ampe nani. Nyuma yangu, pale majani marefu yalipoanzia, hapakuwa na mtu.

"Nitasimama mimi," alisema baba.

Alikuja kwa mwendo wake uleule wa kupima, akasimama nyuma yangu, akaninyooshea boksi. "Niandikie." Nikaandika tisini. "Huu ndio upande wa leo?" Nikamwambia ndiyo. "Na kesho naiandika mimi?" Nikamwambia nitamsaidia.

Jaribio la kwanza salfa ilikuwa yangu. Nilichuchumaa, arobaini ikawa ishirini, na watu wakashangilia mapema. Filimbi. Ishirini na mbili. Filimbi. Nikapanda tena. Kila nilipogeuza boksi baba alichungulia juu ya bega langu, na tisini yake ilikuwa inanimiminikia, na yeye akiiona. Nilikuwa nimechuchumaa bure. Mwalimu Lois akasimamisha hesabu, akaniambia niinuke, niirudishe arobaini yangu.

Jaribio la pili lilihitaji neno ambalo binti wa watu halisemi kwa mzee wa watu mbele ya kadamnasi. Mwalimu alinitazama mimi. Nikageuka.

"Baba," nilisema, "sasa ni zamu yako kuchuchumaa."

Alishuka taratibu, mkono mmoja gotini. Alipofika chini, watu wazima wote waliokuwa pale waliona kile ambacho watoto hatukukiona mara moja, maana hivyo ndivyo mtu anavyochuchumaa kwetu anapokwenda kusema na watu wake walio kaburini. Kelele zikakoma. Baba aliangalia ardhi. Nilisikia anasema kitu kwa Kimakonde, chini chini, maneno ya mtoto kwa mama yake, na mwisho wake, kwa Kiswahili, kana kwamba anataka na mimi nisikie: "Nimechelewa. Lakini nimekuja."

Tisini ikawa arobaini na tano. Filimbi ikalia, nikahesabu kwangu, nikamhesabia na yeye. Filimbi ya pili. Nikageuza boksi.

Thelathini na nne.

Mtu mmoja kandokando alipiga kelele, sijui nani. Filimbi, nikashuka tena. Filimbi, nikashuka, na Godwin aliyekuwa ameanza kupanda akatulia, na kaskazini wakatulia, na kusini wakatulia. Mimi niliyekuwa sina hata chembe ya salfa nilikuwa napona kwa sababu ya aliyechuchumaa nyuma yangu. Nililia mbele ya shule nzima na sikuona haya. Mwalimu Lois alikuwa amesahau filimbi mdomoni, kila akipumua inalia kidogo.

"Shoka nitalichukua alfajiri," alisema baba, bado yuko chini. Nilimgeukia. "Njia ya kwa mama imefungwa na miti. Bila kufyeka, mashine ya salfa haitapita."

Swalehe alicheka kwa sauti, akapiga makofi, akaanza kumtania kwamba atakwenda naye kuhakikisha haibi korosho za bibi. Baba alikuwa amegeuza shingo, anatazama nyuma yake, kule ambako majani marefu yanateremka kuelekea bondeni.

"Mwalimu," alisema. "Binti yangu jirani yake ni mimi. Na mimi, magharibi yangu ni nani?"

Mwalimu Lois alifungua mdomo kumweleza kanuni ya aliye pembeni, kwamba ajifanyie jirani wa namba sawa na yake. Kisha akageuka, naye akatazama majani yale.

Kicheko cha Swalehe kilikatika. Nyuma ya mahame ya bibi yangu yalikuwa mahame ya kwao, na kila mtu mzima pale alilijua hilo. Alisimama kidogo akichezea kofia yake. Kisha akaenda golini, akaokota boksi kwenye lundo, akapita mbele yetu sote bila utani wowote, akaingia kwenye majani na kusimama nyuma ya baba.

"Usiniandikie kitu," aliniambia nilipomfuata na chaki. "Sijui ni ngapi. Sijafika huko tangu lori lilipotuchukua."

Bibi Mwanakombo, mmoja wa wale wanawake wa kandokando, akatua ndoo yake. Naye akaenda golini. Baada yake akaenda mzee mwingine, na mwingine, wakichagua maboksi matupu na kusogea majanini, kila mmoja akitafuta kwa macho mahali pa kwao palipokuwa, wakiulizana kwa sauti za chini nani alipakana na nani, wakipishana, wakisogezana. Tulikuwa tumekwisha kutoka nje ya kiwanja na safu zilikuwa zinazidi kurefuka. Mwalimu Lois, juu ya dawati lake, aliinua filimbi.

"Subiri, mwalimu," baba akasema pale alipochuchumaa. "Bado wanakuja."